Jina Lisilo na Ndugu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na kalamu mpya, nikakabidhiwa redio. Mhariri wa jarida la mkoa wa Tabora, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, aliiweka mezani kwangu, kisha akayaanika mawe yake, yaani betri, dirishani yapate jua, maana mapya yalikuwa yameadimika hata kwenye maduka ya Wahindi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye wa Chemchem, mtoto wa fundi cherehani?"

"Ndiye mimi."

"Basi kila alasiri utawasikiliza Wachina wanaotangaza kwa Kiswahili. Andika wanachosema. Ukimaliza, andika na wasichosema."

Nilicheka moyoni. Nilidhani mzee ananitania.

Zilikuwa siku za Ujamaa. Wachina walikuwa rafiki zetu, na viongozi wao walisifiwa hata kwenye mikutano ya Nzega, lakini nani alikuwa na nguvu huko kwao na nani hana, hakuna aliyetuambia. Kazi yangu iliitwa ufuatiliaji, yaani kusikiliza matangazo ya nje na kuyatolea muhtasari. Vijana wa leo mnabonyeza simu dunia ikaja. Sisi tulikuwa tunazungusha kitasa polepole, tukiitafuta sauti katikati ya mikwaruzo, na ikishapatikana unakaa kimya hata kiti kisilie.

Nyuma ya ofisi yetu ilipita njia ya zamani ya misafara. Babu yangu mzaa mama aliifuata hadi pwani akiwa mpagazi, mzigo begani. Alasiri zile za joto, bati likilia juu ya kichwa changu na sauti ya Mchina ikija na kupotea, nilikuwa naona vitu. Niliona theluji imeanguka juu ya vumbi jekundu la Tabora. Niliona wapagazi wakiwasili kutoka Peking, kila mmoja na jina la kiongozi begani, wakiyashusha majina hayo taratibu mlangoni kwetu. Sikuwa nimelala, ingawa Mhariri alipenda kunigongea meza akiniuliza kama nimeshafika huko China au bado niko njiani.

Ni yeye aliyenifundisha kusoma siasa za nchi ile. Angalia mpangilio wa itifaki, alisema, nani katajwa kabla ya nani. Magazeti yao ya picha yakishushwa stesheni, angalia nani kasimama karibu na Mwenyekiti wao na nani kasukumwa pembeni. Kubwa kuliko yote, sikiliza neno Ndugu. Kwetu kila mtu alikuwa Ndugu, kuanzia waziri hadi mfagiaji, na watangazaji wale nao walimwita hivyo kila kiongozi wao.

"Jina likivuliwa Ndugu," aliniambia, "ujue mwenye jina kashatolewa nje. Yeye mwenyewe labda bado hajaambiwa."

Siku moja jina kubwa lilipita tupu. Nilisimama na kalamu mkononi. Nilipomwambia Mhariri, alifumba macho.

"Una hakika mikwaruzo haikulimeza hilo neno?"

"Wamelitaja jina mara mbili, Mzee. Zote tupu."

Akaituma taarifa yangu makao makuu. Baada ya muda kiongozi yule akatoweka kwenye picha, na huko Dar es Salaam wakaulizana ni nani aliyeliona jambo hilo akiwa Tabora. Nikaahidiwa nafasi ya chuo kikuu. Nilirudi nyumbani naimba njia nzima. Kwangu, mtu yule aliyeanguka alikuwa hesabu iliyotoka sawa.

Miezi ya kiangazi ilipofika, watu wakahamishiwa kijiji kipya, na Mhariri akaenda kukiona. Wengine waliandika kwamba wanakijiji wamehamia kwa shangwe. Yeye aliandika kwamba kisima hakina maji na akina mama wanarudi kuteka kule walikotolewa. Basi. Hakutukana mtu.

Mkutano wa mkoa uliofuata nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Katibu alisimama kuwatambua waliohudhuria: Ndugu Mganga Mkuu, Ndugu Bwana Shamba, Ndugu Mkuu wa Stesheni, Bwana Mhariri. Akaendelea. Watu walikuwa wakijipepea kwa makaratasi, hakuna aliyegeuka. Mimi niliandika Bwana, nikalitazama tena.

Tuliporudi ofisini ilinibidi kuipiga chapa taarifa ya mkutano kwenye stensili, ile karatasi ya nta tuliyoitumia kurudufia jarida. Nilipofika kwenye jina lake nikapiga Ndugu. Niliona kwamba wakilikuta limechapwa hivyo, watu watasoma hivyo, na mzee wangu atabaki salama. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ndivyo ulivyosikia?"

"Katibu ameteleza ulimi, Mzee."

"Katibu hatelezi kwenye majina. Na taarifa hii ataisoma yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Akiliona neno lako hilo, chuo kikuu utakisikia redioni."

"Sitaki chuo."

"Unakitaka sana, usinidanganye. Nipishe."

Akakaa kwenye kiti changu. Akachukua kile kichupa cha dawa ya kufutia, akapaka burashi juu ya neno mbele ya jina lake mwenyewe, akalipuliza mpaka likakauka. Halafu akapiga Bwana, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Herufi tano juu ya tano, likaenea sawasawa.

"Andika ulichosikia," alisema, akanirudishia kiti.

Haukupita muda akahamishiwa kwenye bohari la tumbaku. Mimi nilikwenda chuo kikuu, nikarudi kwenye magazeti, kisha nikafundisha siasa za China hadi kustaafu kwangu, na nilikosea mara chache kuliko wenzangu wengi. Mzee alifariki nikiwa bado masomoni. Habari ilinifikia maziko yamekwisha, na bado inaniuma.

Sasa niko Ipuli, hapa hapa Tabora, na vijana wasomi hunijia kuniuliza juu ya mbinu zangu. Nawaeleza itifaki, picha, majina, nao wanaandika haraka haraka. Jambo moja huwa siwaambii, kwa sababu halina mahali pa kukaa kwenye kitabu cha siasa. Kila nilipokutana na jina tupu katika miaka yote ile, niliacha kusoma, nikamwona msichana fulani huko Peking mbele ya mashine yake, ambaye alitaka kuliacha lile neno mahali pake. Nikajiuliza ni nani aliyemwambia, nipishe. Wangu mimi alikuwa mzee mmoja wa Tabora, na nilimpenda.