Mashine Isiyopakatika

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa la herufi moja. Kwenye kadi ya kumuaga binti wa watu, sendofu kama tunavyoita, mahali pa kuandika «Mahali: Ukumbi wa Kanisa, Kisesa» niliandika «Mahari: Ukumbi wa Kanisa, Kisesa».

Naomba nieleweke. Sikuandika hivyo kwa haraka. Niliikalia kadi ile mchana kutwa nikisogeza ua la pembeni, nikilirudisha, nikilisogeza tena. Nilipima nafasi kati ya mistari kama mtu anayepima kaburi. Ila shuleni tulichekwa sana, sisi watoto wa Kisukuma, kwa kusema «lafiki» na «habali», na mimi nikatoka pale nikiwa naiogopa L yote, hata ile isiyo na hatia. Nikiona L nashuku ilipaswa kuwa R. Hakuna aliyenifundisha usanifu wa kadi. Nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video na kuharibu karatasi. Hakuna aliyenifundisha kuogopa L pia. Hiyo nayo nilijifunza mwenyewe.

Baba wa binti, mkulima wa mpunga anayekaa pembezoni mwa Magu, ana simu ya kitochi isiyopokea picha. Picha ya kadi nilimtumia kijana wake, naye akajibu «poa» bila kusoma. Kadi za kwanza zikaenda kwa wakwe. Kesho yake mzee akanipigia.

«Fundi,» akasema, «wakwe zangu wanauliza, kama mahari ya binti yangu ni ukumbi, wale ng'ombe waliowaleta wawafuate lini?»

Nikaivuta nakala ya kadi, nikaisoma upya.

«Wanacheka, kijana. Wanacheka nyumbani kwangu, wakiwa wamekalia viti vyangu. Kadi nyingine hazitoki mpaka nisome mwenyewe kila neno kwenye hiyo mashine yako. Uje nayo.»

«Shikamoo mzee. Labda ungefika Buzuruga, ofisi yangu iko karibu na stendi...»

«Marahaba. Mpunga uko shambani na aliyekosea ni wewe. Njoo nayo.»

Nikishindwa, wale wakwe wangebaki na kicheko chao mpaka siku ya sherehe, na mimi nisingeandika tena kadi ya mtu yeyote wa ukoo ule, ukoo ambao nusu yake ndio wateja wangu.

Sasa, mashine yangu ilikuwa kompyuta ya mezani. Kasha kubwa jeusi, kioo kipana, nyaya nyingi nyuma kama utumbo wa mbuzi. Niliipenda. Fundi simu wa chumba cha jirani alikuwa ananidhihaki kila asubuhi.

«Oya, bado unawasha friji? Dude hilo linakula umeme kama mashine ya kusaga. Nunua laptop uwe mtu.»

Nilimdharau. Niliwadharau wote wanaotembea na laptop zao mgongoni kama kobe, halafu wakifika wanaanza kuulizia soketi. Kiswahili sanifu kinaiita kompyuta mpakato, kutoka kupakata, na hilo peke yake lilinitosha. Mtu mzima mwenye ndevu anapakata mashine! Kinachopakatwa ni mtoto. Kazi inawekwa mezani.

Hata hivyo niliingia mjini kutazama. Muuzaji alinipa moja iliyobakiwa na gundi ya stika ya shule fulani ya ng'ambo.

«Hii kaka haijatumika. Ilikuwa ya mzungu mmoja, alikuwa anafungulia barua pepe tu.»

Sijawahi kusikia mzungu aliyefanya kazi nyingine. Wote walikuwa wanafungua barua pepe, halafu wanatuletea. Nikajaribu kila kitufe, kimoja kimoja, muuzaji akinitazama kama mgonjwa. Vyote vilikubali isipokuwa R. Hicho mpaka ukibonyeze kwa nguvu.

«Kizoee tu,» akasema. «Vingine si vinafanya?»

Kati ya herufi zote za dunia! Nikaona ni dhihaka, nikamrudishia. Nikaamua kwamba kompyuta yangu itakwenda Magu.

Nililifunga kasha kwa blanketi, kioo nikakifunga kwa kanga ya dada yangu, nikavipakia kwenye basi na kuvilipia kama mzigo. Betri ya kushikilia umeme ukikatika niliiacha ofisini kwa sababu ni nzito. Mtu anayepima nafasi kati ya mistari aliiacha betri.

Mzee alikuwa uani na wanaume wawili waliokuja kupanga sherehe. Akaniona nikiingia nimekumbatia blanketi jeusi, kijana wake nyuma yangu na kile cha kanga.

«Hilo jeneza ni la nani?»

Wale wawili wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nikacheka nao kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka kulia.

Tukaunganisha sebuleni, juu ya meza ya chakula. Mzee akavaa miwani akaanza kusoma. Hakutaka kubadili neno moja tu. Alitaka mjomba atangulie shangazi, alitaka jina la ukoo liandikwe kwa ukubwa, alitaka lile ua langu litoke kwa sababu lilimkumbusha magugu ya shambani. Nilibadilisha yote. Sikuhifadhi chochote. Hiyo ndiyo tabia yangu na niseme wazi: nilikuwa sihifadhi kazi isiyokamilika. Niliona kuhifadhi kitu chenye kasoro ni kama kukipa baraka.

Tulikuwa tumebakiza mstari wa «Mahali» umeme ulipokatika.

Kioo kikawa cheusi. Mzee akakigonga kwa kidole.

«Imekufa?»

«Ndiyo mzee. Yaani, itawaka umeme ukirudi.»

«Na maneno yetu?»

«Hayapo.»

Akavua miwani. «Kwa hiyo inakufa tu hivi hivi, bila hata kuugua?»

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akasema nirudi Jumamosi na kitu kisichokufa, au nisirudi kabisa. Umeme ulirudi baadaye, nikiwa kwenye basi, dude langu chini ya viti. Tulipofika Kisesa nikaona taa za ule ukumbi wa kanisa zinawaka, nikageuza uso upande wa pili.

Nilikwenda tena kwa yule muuzaji. Nilitumaini ameiuza, ili nipate kisingizio. Hakuwa ameiuza.

«Nilijua utarudi,» akasema, na nilimchukia kwa kusema kweli.

Jumamosi nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu ina matope ya shambani. Nikatafuta meza. Hakuningoja. Aliinyakua ile mashine mikononi mwangu, akaiweka mapajani, akaizungushia mkono wa kushoto ili isianguke, mkono wa kulia ukashuka na mistari. Kidole chake kiliacha alama za tope kwenye kioo nilichokifuta asubuhi ile mara nyingi kuliko inavyofaa kusema.

Akasoma kwa sauti. «Mnakalibishwa wote kwenye...» Akasita, akaniangalia juu ya miwani. «Umeandikaje hapo?»

«Mnakaribishwa. Kwa R. Shuleni tulichekwa kwa L, mzee, mpaka leo naiogopa.»

«Vizuri. Mdomo wangu unasema unavyotaka. Kadi isiseme kama mdomo wangu, na isiseme kama woga wako pia. Ni hapa palipotuponza?» Kidole kilikuwa kwenye mstari wa ukumbi.

«Ni hapo.»

«Ma-ha-li,» akasoma, polepole, kama anahesabu ng'ombe wake mwenyewe wakirudi zizini. «Haya. Chapa.»

Umeme ulikuwa umekatika tangu tulipoanza. Hakuna aliyeutaja.

Kompyuta ya mezani niliiuza. Ninayotumia sasa ni ile ya kupakata, na R yake bado ni ngumu, kwa hiyo kila R ninayoiandika nimeikusudia. Nahifadhi kazi ikiwa bado mbovu. Na sichapi kadi mpaka mwenyewe aisome kwa sauti, mashine ikiwa mapajani mwake.