Tembo Aliyejua Kulima

Tembo hawachagui mke. Walikula mtama wangu, wakavuka, wakala na wa mke mwenzangu. Kwetu kila mke ana nyumba yake, shamba lake, ghala lake. Mume ni mmoja, njaa kila mtu na yake.

Ilikuwa wakati wa ujamaa, tumeshahamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama meno. Asubuhi nilishika jembe. Mabua yale yaliyokanyagwa nikang'oa, nyayo nikafukia, nikapanda viazi. Mwenzangu, yeye alikaa mlangoni kwake akilia kama mwana mbuzi: "Mieee, tembo wamenimaliza mieee!" Jembe hakugusa. Nikamcheka sana.

Siku zikapita, tukasikia bwana shamba anakuja kutazama mashamba, serikali itatoa kifuta machozi kwa walioliwa. Gunia la yanga, yale mahindi ya njano. Akaja kweli, kijana wa pwani, maneno laini kama mafuta.

"Bibie, nionyeshe hasara yako."

Bibie! Baba watoto hajawahi kuniita hivyo. Nikampeleka mbio. Akasimama, akatazama matuta yangu mazuri, viazi vimeanza kuchipua.

"Tembo walipita wapi, bibie?"

"Hapo unapokanyaga, mura, kijana wangu."

"Sasa mbona pamelimwa? Tembo wako alikula, halafu akashika jembe?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba watoto naye akacheka, kwa ile pua yake, hnh, hnh, hnh. Nikamwambia yule kijana, "Si nyinyi mnasema kilimo cha kufa na kupona? Basi nimelima, na watoto wangu ndio wanakufa!" Akasema pole, ila yeye anaandika anachokiona.

Kwa mwenzangu aliona vyote. Nyayo kubwa kama sinia, mavi ya tembo, mabua yamelala, na mwenyewe katikati, machozi tayari. Uvivu wake ndio uliokuwa ushahidi. Gunia likaenda kwake. Baba watoto akalibeba mwenyewe, mgongo ambao kwangu siku zote unauma.

Viazi ni vya kungoja. Mimi nilibaki na majani yake, nachemsha, watoto wanatafuna wakinitazama. Kule ng'ambo ya ua yanga inasongwa. Mahindi yale wengine walisema yananuka. Kwangu mimi yalinukia. Jioni moja nikageuka, watoto wangu wote hawapo. Nikachungulia kwenye uzio. Wamekaa kwa mwenzangu wameizunguka sufuria, na mwanangu mdogo kabisa, niliyemnyonyesha mimi, amekaa mapajani mwake anamwita mama.

Wivu ulinipanda nikaona giza. Nikaingia nikiwa na maneno mdomoni, ya kumrarua.

Akainuka, akanisogezea kigoda. "Shikamoo, mama mkubwa. Kaa ule, ni ya moto."

Tumbo langu likamjibu kabla yangu, likanguruma watu wote wakasikia. Watoto wakacheka. Nikakaa. Nikamega tonge moja, nikalitafuna polepole kama ninaonja dawa.

"Ugali wako hauna chumvi," nikasema.

"Mama mkubwa, ugali gani una chumvi?"

Mkono wangu ulikuwa umesharudi kwenye sufuria. Kwa mkono wa pili nikamvuta mwanangu kutoka mapajani mwake, nikampakata mwenyewe. Akashibia pale pale, kwa ugali wa yule, kwenye mapaja yangu.