Lango la Tatu

Wapo watu wanaoonea wivu nyumba ya jirani, na wapo wanaoonea wivu mshahara wa mwenzao. Bwana Koni alionea wivu koni. Tena si koni za ajabu. Ni zile zile za plastiki za barabarani, rangi ya chungwa, mia moja na ishirini na kitu, nusu yake zimepasuka midomo. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyezipanga, na mwaka huo aliona mikono ya mtu mwingine ikizigusa. Roho ilimuuma kama jino bovu.

Siku za kazi alikuwa fundi vigae. Alishinda kwa magoti kwenye mabafu ya watu, akibishana na wenye nyumba kuhusu rangi ya saruji ya kuzibia, na jioni alirudi nyumbani mgongo umekakamaa. Lakini Jumapili ya mwisho wa mwezi alikuwa mtu mwingine kabisa. Chama chao cha magari kilikuwa na ruhusa ya kutumia uwanja wa lami nyuma ya maghala ya saruji, na yeye alitembea pale na koni kwapani, akipima kwa hatua njia ambayo wanachama wangeiendesha mmoja mmoja, kila mtu akishindana na saa. Mchezo wenyewe hauna makuu. Unakuja na gari lako lile lile la kupeleka watoto shule, unatoa tairi la akiba na takataka zote kwenye buti, unavaa kofia ngumu, unapita kati ya koni haraka kadiri unavyoweza. Ukiangusha koni moja unaongezewa sekunde mbili. Ukikosa lango, yaani ile nafasi kati ya koni mbili, mzunguko wako hauhesabiwi. Hakuna zawadi ya maana. Kuna sifa tu, na sifa ndiyo iliyomtia Bwana Koni wazimu.

Basi mdogo wake akaoa.

Shemeji alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumtuliza mtu ambaye gari limemzimikia katikati ya makutano. Alikuja uwanjani mara ya kwanza na mumewe, kuangalia tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji huyu aliugua. Mwisho wa siku ile ya kwanza, watu wakiwa wanafungua vitambaa vya jasho, shemeji aliuliza swali lake mbele ya kadamnasi.

"Shemeji, samahani, mimi mgeni. Hivi kwa nini mtu anasimama juani masaa matano ili aendeshe dakika tatu?"

Kila mmoja wao alikuwa amejiuliza hivyo hivyo kwa miaka na hakuthubutu kufungua mdomo. Bwana Koni alicheka kicheko cha meno ya mbele tu. "Ndio mchezo ulivyo, shemeji," alisema. "Subira."

Subira gani! Mwezi uliofuata shemeji alikuja na ubao, ameandika mpangilio wa magari yote, nani wa kwanza, nani anamfuata, ili mtu asitafutwe chooni zamu yake ikifika. Mwezi wa pili akawagawa watu mafungu mawili: fungu moja linaendesha, la pili linasimama uwanjani kuinua koni zilizoanguka, kisha wanabadilishana. Mwezi wa tatu akaanza kulaza koni moja pembeni ya kila lango, ncha yake ikielekea unakotakiwa kupita, kwa sababu wageni walikuwa wanapotea katikati ya ule msitu wa plastiki na kuishia kuzunguka kama kuku. Kila mgeni akapewa mzoefu wa kukaa naye garini. Kabla ya hapo mtu alikuwa anaendesha mizunguko mitatu kwa siku. Sasa anaendesha saba na anarudi nyumbani jua bado lipo. Magari yalitoka kumi na manane yakafika thelathini na moja.

Nani angechukia hayo? Mtu mwenye kijiba cha roho, basi. Bwana Koni alichukia ubao. Alichukia chaki ya ubao. Alizichukia hasa zile koni za kulala.

"Koni inalala ina usingizi?" alimuuliza mkewe mezani. "Dereva hana macho? Mimi nimepanga njia miaka kumi na moja, hakuna koni iliyolala."

"Na watu walikuwa wanapotea," alisema mkewe.

"Walikuwa wanajifunza!"

"Baba watoto, chai yako inapoa. Au nayo tumwite shemeji aje aipangie zamu?"

Aliinuka akaiacha chai. Mkewe aliinywa yeye, maana haikuwa na kosa.

Mwisho wa msimu ukakaribia. Kwa kawaida, siku ya mwisho, magari yakishazimwa, wanachama huinua mikono kumchagua mpanga njia wa miaka miwili ijayo. Siku zote jina lilikuwa moja na mikono iliinuliwa huku watu wanatafuta funguo zao waondoke. Mwaka huo majina yalikuwa mawili. Tena mwenyekiti, daktari wa meno mwenye kigari chekundu na tabia ya kutaka kila mtu afurahi, aliona ni haki shemeji aipange njia ya siku hiyo ya mwisho, ili watu wachague kitu walichokiona. "Wewe tunakujua, Bwana Koni," alisema. Bwana Koni akasema sawa, hakuna neno. Neno lilikuwepo, na lilimkaa kooni wiki nzima. Asipochaguliwa angekuwa nani? Fundi vigae mwenye magoti mabovu, kama mafundi vigae wengine wote mjini.

Shemeji alipanga njia Jumamosi alasiri, geti likafungwa, koni zikalala pale pale. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa mwenyekiti na mwingine kwa Bwana Koni. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa ameshaingia.

Aliitembea njia yote. Aliitafuta kasoro kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa kilichonyolewa. Ilikuwa njia nzuri, Mungu amsamehe, nzuri kiasi cha kumtia hasira. Akafika lango la tatu, mwisho wa ule mnyoosho mrefu, karibu na nguzo ya taa. Akasimama. Lango hili likikaa vibaya, aliwaza, watu watakuja na mwendo wao wote watalikosa, mmoja baada ya mwingine, na watamlaani aliyelipanga.

Akainua koni ya kwanza. Wazo lililomjia mwanzo lilikuwa kulisukuma lango upande wa nguzo, na hapo mikono ilikataa. Miaka kumi na moja mikono ile haikuwahi kumsogeza mtu karibu na nguzo, na haikuona sababu ya kuanza leo kwa ajili ya shemeji. Basi akalivuta upande wa pili, hatua mbili. Kila koni huchorewa mraba wa chaki miguuni, ili ikiangushwa irudishwe pale pale. Akaifuta miraba ya zamani kwa maji ya chupa na soli ya kiatu, akachora mipya, akafunga geti na kuondoka na gari lake, arudi wenzake wakishafika. 

Saa mbili madereva waliitembea njia kwa miguu kama ilivyo desturi. Shemeji alikuwa nao, mikono nyuma. Alipofika lango la tatu alilitazama, akaendelea. Bwana Koni alikuwa amegeuka, anakagua tairi lisilo na tatizo.

Mizunguko ya kwanza ilimpa raha aliyokuwa ameikosa mwaka mzima. Watano walilikosa lango. Jamaa mmoja muuza vipuri vya simu, waliyemwita Redio kwa kuwa hanyamazi hata akiwa anakula, aliliingia kwa kishindo akatoka na koni nne zimekwama chini ya gari. "Nani kaweka lango hapa?" alifoka, na Bwana Koni alilazimika kuinama kufunga kamba za kiatu ili uso wake usionekane.

Mzunguko wa pili mambo yakabadilika. Watu walianza kulielewa lango. Ukilikimbilia, linakukataa. Ukipunguza mapema, ukasubiri, ukakata kona dakika ya mwisho, unakuta njia yote iko wazi mbele yako na nguzo iko mbali, unakanyaga mafuta bila hofu. Kufika mzunguko wa nne hakuna aliyezungumzia kitu kingine. Mwenyekiti alishuka garini kofia imekaa upande, anacheka kama mtoto aliyeruhusiwa kucheza matopeni. "Mwalimu, lango lile umelitoa wapi?"

Zamu ya Bwana Koni ilipofika, alilipita mwenyewe. Alisubiri, akakata, akakanyaga. Lilikuwa lango bora kuliko yote aliyowahi kuyapanga, na sifa zake zilikuwa zinakwenda kwa shemeji. Alitamani kulia, kisha akatamani kumpiga mtu.

Alasiri walikaa kwenye kivuli cha ghala, juu ya viti vya kukunja na matairi. Mwenyekiti alisifu wee, hadi shemeji akasimama.

"Ahsanteni. Ila sifa ya lango la tatu si yangu. Mimi nililiweka karibu na nguzo. Kuna mtu amelisogeza, na ana jicho kuliko mimi. Asimame basi tumpigie makofi."

 Bwana Koni alikaa kama amemeza wembe. Sifa ile pale, iko wazi, ni ya kunyoosha mkono tu na kuichukua. Lakini ukisema ndimi niliyesogeza, utaulizwa ulisogeza kwa ruhusa ya nani, na kwa nia gani. Akafyata ulimi.

Ndipo Redio alipoinuka, akajifuta mikono kwa madaha. "Nilitaka ninyamaze jamani, lakini ukweli una tabu. Ni mimi."

Watu wakaangua kicheko. "Wewe uliyezoa koni nne?"

"Ndiyo maana nazifahamu kwa karibu!"

Wakampigia makofi, wengine miluzi. Kila mtu alijua ni mzaha. Bwana Koni naye alijua. Lakini makofi ni makofi, na yale yalikuwa yake, na aliyekuwa anainama kuyapokea ni Redio.

"Mwongo!" Alikuwa amesimama kabla hajajua kuwa amesimama. "Ni mimi! Lile lango ni langu!"

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti alivua miwani. "Bwana Koni? Mbona hukumwambia mwenzio?"

Jibu alikuwa nalo tayari, na lilikuwa na harufu ya ukweli: nguzo, usalama wa watu. Alifungua mdomo alitoe. Mdogo wake alikuwa anamtazama, na shemeji pembeni yake.

"Nilitaka mlikose," alisema. "Nilitaka mmtukane."

 Mdogo wake aliangalia chini, akatia mikono mifukoni.

"Nilikuona, shemeji," alisema shemeji, kwa ile sauti ya kwenye makutano. "Nilikuwahi leo. Nilikuwa kwenye gari kule kwenye uzio, nakunywa chai. Ulipoondoka nikamsubiri mwenyekiti, nikamwomba ufunguo, nikaenda kulirudisha. Nililipita kwa miguu mara mbili. Nikaona ni zuri kuliko langu, nikaliacha."

Wakapiga kura. Mikono ishirini na minne kwa shemeji, sita kwake, na hiyo sita hakuitazama ni ya nani. Watu walianza kukunja viti. Bwana Koni alienda uwanjani peke yake kukusanya koni, akazipachika moja juu ya nyingine. Mwaka mzima alikuwa amemwonea shemeji wivu wa ubao, wa makofi, wa koni zake za kulala. Alipofika lango la tatu alisimama na kujiuliza swali moja tu: kama ingekuwa yeye aliyerudi asubuhi ile, akakuta mkono wa adui umeipita kazi yake, mbele ya watu wote na siku ya kura, angefanya nini?

Yeye angelirudisha. Alilijua hilo bila kufikiri, na lilimuuma kuliko kura.