Hamri la Kunguru

Kazi yangu ni kuwatazama kunguru, ndege ambao Mombasa nzima hawana rafiki. Majirani zetu hapa Frere Town huniuliza kama nilisoma miaka yote ile kwa ajili ya wezi wa samaki. Nawajibu ndiyo. Ukibishana na mtu aliyenyang'anywa samaki wake kwenye sinia, utakesha.

Tunachotafuta mimi na wenzangu kazini ni kujua kama kunguru humtambua mtu kwa sura au kwa vazi. Mmoja wetu huwakamata na kuwatia pete miguuni, mwingine huwalisha, kisha tunabadilishana nguo. Mkuu wetu ana sharti moja: usiandike kwamba ndege ana hasira au huzuni. Andika alichofanya, basi.

Mama hakuwa na habari na sharti hilo. Kila alipokaanga mahamri asubuhi, lile lililoungua alimtupia kunguru mmoja mwenye bawa lililochakaa, huku akimtukana.

"Haya, njoo ule, mwizi we! Na wenzio usiwaambie."

Kunguru alikuwa akingoja ukutani, macho kwenye mlango wa jikoni. Mama akitoka tu, alishuka hadi miguuni pake.

Mama alipofariki, tulimzika na kipande kimoja cha leso yake aliyoipenda. Cha pili kikabaki kwangu. Waliokuja kutupa pole walipungua, mwisho wakaisha, lakini kunguru hakuacha kuja. Nilimtupia mkate, nikamtupia hata dagaa. Hakushuka mpaka nirudi ndani.

Asubuhi moja hamu ya mama ilinizidi. Nikakanda unga, nikakaanga, hamri moja nikaliunguza makusudi. Nikajifunga ile leso, nikavaa na kandambili zake. Mimi na mama tulifanana kama shilingi kwa ya pili. Yale niliyoyaona kazini, kwamba kunguru hadanganyiki na nguo, niliyajua vizuri, lakini siku hiyo sikuwa na haja nayo. Nilitaka kiumbe mmoja tu anione mimi kuwa mama, japo kwa dakika moja.

Nilipotoka, jirani aliyekuwa akianika nguo alishika kifua.

"Ya Rabbi! Wallahi nimedhani ni mamako!"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Umenitoa roho."

Kunguru naye alishuka. Alinikaribia kuliko siku zote tangu mazishi, akainamisha kichwa, akanitazama usoni kwa jicho hili, kisha kwa lile.

"Njoo ule, mwizi we," nikasema, nikamtupia lile hamri lililoungua.

Naandika alichofanya, basi. Hamri hakuligusa. Aliruka akarudi ukutani, akaugeukia mlango wa jikoni niliouacha wazi nyuma yangu, akawa anautazama.

Nami nikageuka, nikautazama.