Wasiwasi Wangu Msiucheke

Nyie wajukuu, mna adabu kweli?

Leo Neema kaniambia, "Bibi, wasiwasi umekuzidi," eti kwa sababu nimeulizia tena kaburi la mdogo wangu kule mahame, kijiji chetu cha zamani.

Wasiwasi anaujua yeye?

Tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, huyo mdogo wangu tumemzika juzi tu. Kwenye kisomo cha watu wazima mwalimu akasema neno wasiwasi limetoka kwa Waarabu, ni mnong'ono wa moyoni.

Mama akadakia, "Basi wangu unasema, mwanao kabaki peke yake."

Aliusikia mpaka anakufa.

Nimemwambia Neema hayo. Simu kaiweka chini.

Nani mwingine anacheka? Aandike hapa kwenye grupu.

Sasa wasiwasi wa mama unaninong'oneza mimi. Jumamosi njooni na majembe, tukalipalilie kaburi.