Maji ya Pete ya Shangazi

Siku ile haijanitoka, mwanangu. Nilikuwa nimerudi Unguja likizo kutoka Ujerumani ya Mashariki, nilikokuwa nikisomea kemia, na kichwa kimenivimba kwa elimu. Nyumbani Malindi nilimkuta bibi yangu na shangazi Zuwena, aliyekuja kutoka Jambiani na uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Daktari alitaka kumpasua apate kuuchunguza, naye kisu akikiogopa.

Nikataka kumliwaza. Nikamwambia huko tusomako inatafutwa dawa ya saratani kwa platinamu, madini meupe yanayofanana na fedha. Inaingia ndani ya chembe ya ugonjwa, inaukamata uzi unaobeba maagizo ya uhai, inaupinda, na chembe ile haizaani tena. Shangazi alifurahi sana. Nami nikazidi kunogesha; ujana, mwanangu, hupenda kusikilizwa.

Siku ya kwenda hospitali ilipofika, shangazi akakataa kutoka. Kando ya kitanda chake nikaona bakuli la maji ya mawaridi, na ndani yake pete yake ya fedha. Alikuwa akiyanywa asubuhi na jioni, kama mgonjwa anywavyo kombe, yale maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji.

"Hospitali ya nini tena?" alisema. "Dawa nshaipata."

Bibi hakunigombeza mbele yake. Aliniita ukumbini, nikaitika naam, akaniambia polepole: "Umempa nusu ya habari, nusu ya pili kajijazia mwenyewe. Mfa maji haachi kutapatapa. Nenda kammalizie."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikaa chini miguuni pa shangazi nikamweleza yaliyobaki. Pete si dawa. Hata platinamu peke yake haifai kitu mpaka ifungamanishwe na vitu vingine, na ikishafungamanishwa huwa sumu, inaharibu uzi wa chembe nzima na mbovu pamoja. Ndiyo maana kutwa watu wanavibadilisha hivyo vilivyofungamana nayo, wakitafuta kitakachoua uvimbe kikamwacha mtu. Nikamwambia bado hakijapatikana.

Shangazi akacheka. "Dawa ya moto ni moto, lakini wenu huo utaunguza na nyumba. Haya, nipe buibui langu."

Alipasuliwa. Majibu yalipokuja kuwa si saratani, nililia pale pale kwenye benchi la hospitali, kwa faraja tupu, mpaka bibi akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

Basi wewe unayesoma leo, ukimpelekea mgonjwa habari ya dawa, mpelekee na yale msiyoyajua. Usione haya kusema "bado". Dawa za platinamu zilikuja kupatikana, alhamdulillahi, na zimewafaa wengi, lakini mtu anaweza kuiacha tiba iliyopo kwa kulingojea neno lako. Mungu akuzidishie elimu, akupe na ulimi wenye subira, na kila mgonjwa atakayekuamini arudi kwao mzima. Amin.