Mama Taipu na Mbili Iliyoshuka

Mama Taipu alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka thelathini na mitatu kati ya hiyo alikuwa amekula kwa vidole vyake kumi. Alianza na taipureta ya chuma iliyolia kama mvua ya mawe juu ya bati, akaja akahamia kwenye kompyuta, na kote huko alikuwa na sifa moja aliyoilinda kama mboni ya jicho: karatasi ikitoka kwake haina kosa. Barua za kuomba kazi, kadi za mwaliko, mitihani ya shule ya jirani, vyote vilipita kwenye chumba chake chenye kaunta ya mbao, mashine ya fotokopi iliyokohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kufanya kazi, na dirisha lililotazamana na geti la shule.

Kwa hiyo siku ile mwalimu wa hesabu alipoingia bila hata salamu na kuibwaga karatasi ya mtihani juu ya kaunta, Mama Taipu aliona amekosewa adabu kwanza kabla ya kingine chochote. Mwalimu huyu alikuwa kijana mrefu, shati limechomekwa kila siku, na wanafunzi walimwita Kanuni.

"Mama, umeniua," alisema. "Swali la nne. Hebu tazama."

Mama Taipu alivaa miwani akatazama. Swali lilisema: Rahisisha 5x2 + 3x − 2x2 + 4x.

"Si ndivyo ulivyoandika?"

Kanuni akatoa karatasi yake ya mwandiko. Pale kila mbili iliyofuata x ilikuwa ndogo, imekaa juu kama ndege kwenye waya. Kwenye chapa zilikuwa zimeshuka chini, zimekaa sawa na herufi nyingine.

"Basi mbili zimeshuka kidogo," Mama Taipu alisema. "Mbili si ni mbili?"

Mwalimu alishika kichwa. Nusu ya darasa, alisema, walidhani ni x mara mbili, wakajumlisha kila kitu wakapata 13x. Jibu alilotaka yeye lilikuwa 3x² + 7x. Waliobaki, kila mmoja alikuwa na lake. Mtihani ungerudiwa, na mwalimu mkuu ameshauliza ni nani aliyechapa.

Hilo la mwisho lilimchoma Mama Taipu. Alichapa upya karatasi nzima pale pale, mbili zikapanda juu, na Kanuni akaondoka. Lakini moyo haukutulia. Kilichomuudhi si kosa tu. Kilichomuudhi ni kwamba alikuwa amelitazama kosa lile kwa macho mawili na miwani juu, na hakuliona, kwa sababu hakujua alichokuwa anachapa.

Aljebra na yeye walikuwa na kesi ya zamani. Ndiyo iliyomtoa shuleni kidato cha pili, baada ya mwalimu mmoja kusoma alama zake mbele ya darasa zima, sifuri, kisha akairudia ili waliokaa nyuma nao wasikie. Kesho yake alikataa kurudi, akapelekwa chuo cha upigaji chapa.

Wiki ile ile alimvizia Kanuni getini. "Mwalimu, nieleze. Kwa nini 5x² na 3x hazijumlishiki? Zote si x?"

Kanuni, ambaye roho yake ilikuwa imepoa kidogo, alikuja akakaa kwenye benchi la wateja. "Rahisi tu, mama. Unakusanya vinavyofanana. Chukua machungwa matano na maembe matatu. Huwezi kusema una machungwa manane."

"Nitasema nina matunda manane."

Kanuni alitikisa kichwa. "Hapana. Chukulia x ni chungwa..."

"Haya. Na hiyo x yenye mbili juu, ni chungwa gani?"

"Ni chungwa mara chungwa."

"Mwalimu, chungwa mara chungwa ni kitu gani? Umeshawahi kulila?"

Mwalimu alitazama saa. Akasema ana kipindi, akala kona. Mama Taipu alibaki kwenye kiti chake. Watu wenye elimu ndivyo walivyo, aliwaza. Ukiwauliza wanakupa matunda, na ukiuliza juu ya matunda wanakumbuka wana kipindi.

Nyumbani mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache na njaa nyingi, alimkuta meza ya chakula imejaa karatasi.

"Mama watoto, umri huu unatafuta nini huko?"

"Natafuta mbili iliyoshuka."

"Ikipatikana uniambie. Na chakula nacho kikipatikana uniambie."

Siku tatu alikunja na kutupa karatasi. Siku ya nne akapata wazo lililomfurahisha mno. Kanuni aliwahi kusema kwamba x ni namba tu ambayo haijajulikana. Basi na iwe moja! Akaweka moja. Moja mara moja ni moja, kwa hiyo 5x² ni tano. 3x ni tatu. Jumla nane. Halafu akajaribu jibu lake mwenyewe, lile la kujumlisha vyote kwa nguvu, 8x². Nane! Sawasawa kabisa! Kumbe alikuwa sahihi tangu kidato cha pili!

Alivuka barabara siku hiyo bila hata kufunga duka, akamkuta Kanuni kwenye ofisi ya walimu, akamwekea karatasi mbele ya wenzake. Kanuni akaisoma, akacheka kwa pua.

"Sasa weka mbili, mama."

Mama Taipu aliweka mbili akiwa amesimama. Mbili mara mbili ni nne, mara tano ni ishirini. Tatu mara mbili ni sita. Jumla ishirini na sita. Na 8x²? Nne mara nane. Thelathini na mbili.

"Hazilingani," alisema kwa sauti ndogo.

"Hazilingani. Moja inadanganya. Usiiamini moja."

Walimu wengine walicheka, si kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko. Mama Taipu alirudi dukani uso umemshuka. Mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi alijibiwa kwa mkato mpaka akaomba radhi, bila kujua ya nini.

Hata hivyo jambo moja lilikuwa limeingia kichwani na halikutoka. Akaweka tatu. Hamsini na nne upande mmoja, sabini na mbili upande wa pili. Akaweka kumi, tofauti ikazidi kukua. Basi si suala la matunda. 5x² na 3x haziendi mwendo mmoja. Ukibadilisha x, moja inaruka na nyingine inatembea, huwezi kuzifunga pamoja ukazipa jina moja. Lakini 5x² na 2x² huruka pamoja, na 3x na 4x hutembea pamoja. Ndiyo maana ya vinavyofanana! Alitaka kufurahi, lakini kilichomjia kwanza ni uchungu. Dakika kumi za maelezo kama haya, na huenda angemaliza shule.

Tangu siku hiyo hakuchapa swali la hesabu bila kuweka namba. Mwisho wa muhula Kanuni alileta mtihani pamoja na majibu ya kusahihishia. Swali la kumi na moja: Rahisisha 6a − 4b − 2a − 3b. Jibu la mwalimu: 4a − b. Mama Taipu akaweka a iwe tano, b iwe mbili. Swali likampa sita. Jibu la mwalimu likampa kumi na nane.

Alirudia mara tatu. Kisha akamwita. "Mwalimu, hapa pana kosa. Ni 4a − 7b. Umezichukua nne na tatu kama vile tatu inaongezwa."

Kanuni hakutazama hata karatasi. "Mama, kazi yako ni kuchapa. Hesabu niachie mimi."

"Siwezi kuchapa kosa ninalolijua."

"Basi wako wengine wa kuchapa." Akakusanya karatasi zake, akaenda duka la barabara ya pili.

Wiki mbili baadaye msichana wa kidato cha pili aliingia kutoa fotokopi ya mtihani wake, macho mekundu. Swali la kumi na moja alikuwa ameandika 4a − 7b, na juu yake umepita mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Damu ilimchemka Mama Taipu. Alitamani kuvuka barabara akapige kelele. Alijikaza.

"Binti, hii ni sahihi. Usimwambie mwalimu amekosea, ataziba masikio. Mwombe tu aweke a ni tano, b ni mbili, ubaoni, darasa likiona."

Msichana alifanya hivyo. Kesho yake wasichana waliopita dirishani walikuwa wakisimulia kwa sauti jinsi Kanuni alivyoipata sita ubaoni, chaki mkononi, kisha akazikusanya karatasi zote za mtihani kwenda kusahihisha upya.

Mama Taipu alisubiri radhi. Haikuja. Muhula mpya ulipoanza, Kanuni aliingia, shati limechomekwa kama kawaida, akaweka mtihani juu ya kaunta.

"Shikamoo, mama. Utaangalia na majibu, kabla hujachapa," alisema, akitazama mashine ya fotokopi.

"Marahaba. Nitaangalia."

Alipotoka, Mama Taipu akavuta kiti, akachukua kalamu. Aliweka namba katika kila swali, moja baada ya jingine, asubuhi nzima, wateja wakipanga foleni. Majibu yote yalikuwa sawa. Hakupata kosa hata moja la kumrudishia Kanuni, na aliudhika sana.